Gari Linachemsha? Uliza Kwanza Linachemsha Lini

Wiki ya UE ikikaribia, hakuna mwanachuo asiyejua maana ya kuchemsha. Ila neno hilo lina maana nyingine, na wengi wetu tumekutana nayo safarini: gari limesimama pembeni mwa mlima Kitonga, boneti liko juu, mvuke unafuka kama chungu cha makande, kondakta anakimbia na dumu, na abiria ambaye hajawahi kushika hata spana anatangaza, "Hiyo ni hedi gasketi hiyo, hakuna kingine."

Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati. Siyo fundi na sina mpango wa kufungua gereji. Lakini mnajua ilivyo: nyumbani ukishaitwa "wa chuo," unageuka mtaalamu wa kila kitu. Simu ikigoma unaitwa wewe. Fomu ya mkopo wa mtoto wa jirani, wewe. Na gari la mjomba likichemsha, wewe tena, kwa sababu si unasoma fizikia? Basi nikaona nieleze hapa nilichojifunza, maana naamini siku moja simu hiyo itakufikia na wewe, hata kama unasoma Sheria.

Tuanze na msingi. Injini ni jiko linaloendesha magurudumu. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi ya nishati ya mafuta inatoka na moshi kupitia ekzozi, theluthi nyingine inabebwa na maji ya kupoozea, na kinachobaki ndicho kinachosukuma gari. Kwa hiyo joto lipo siku zote, gari zima na gari bovu. Likichemsha, tunachotafuta ni sehemu moja tu: pale joto lilipokwama njiani. Na njia yenyewe ni fupi. Maji yawepo. Wota pampu iyasukume. Thamostati iyaruhusu kupita. Rejeta iyapokee na kuyatandaza kwenye vijibomba vyake. Hewa ipite kwenye rejeta iondoke na joto. Ukiongeza mfuniko wa rejeta unaotunza presha, na gasketi inayotenganisha moto wa silinda na maji, umemaliza ramani yote.

Ukiwa na ramani hiyo, swali linalokuokolea pesa kuliko yote ni hili: linachemsha lini?

Gari linalochemsha kwenye foleni, tuseme Ubungo saa kumi na moja jioni, halafu likishika barabara ya wazi linapoa lenyewe, lina shida ya hewa. Likikimbia, upepo unajipitia kwenye rejeta. Likisimama, linategemea feni. Hapo tazama feni: kama ni ya umeme, inawaka? Fyuzi, rilei, swichi ya joto na mota yenyewe ndivyo vya kuangalia. Na angalia inapuliza upande gani, kwa sababu waya zikiunganishwa kinyume feni inazunguka vizuri kabisa huku ikisukuma hewa kuelekea kusiko. Kama ni feni ya mkanda, angalia mkanda usiwe umelegea, na ile klachi ya feni isiwe imechoka. Klachi iliyochoka inaacha feni izunguke kivivu injini inapohitaji upepo zaidi.

Gari ambalo mjini halina neno ila linachemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, hapo mara nyingi feni haina kosa. Joto linalozalishwa limezidi uwezo wa maji kulibeba. Rejeta imeziba ndani, au mapezi yake ya nje yamejaa matope na wadudu, au thamostati inafunguka nusu, au mabawa ya wota pampu yameliwa na kutu. Kuna na jambo dogo linalosahaulika: mpira wa chini wa rejeta. Upande ule pampu inavuta maji, na mpira ukizeeka unaweza kubonyea injini ikiongezwa mwendo na kujibana wenyewe, ukiwa umesimama hauoni kitu. Ndiyo maana mipira mingi ya chini inatengenezwa na springi ndani yake.

Linalopanda joto ndani ya dakika chache tu tangu liwashwe asubuhi ni jambo jingine. Ama maji hayapo, ama thamostati imekwama ikiwa imefungwa, ama gesi ya kwenye silinda inapenya kwenye maji. Hapa ndipo gasketi inaanza kutajwa kihalali.

Sasa niwape kisa chenyewe, kwa sababu nadharia bila mazoezi ni kama TP bila wanafunzi.

Mjomba wangu anaishi Ilula. Ana pikapu ya dizeli ya miaka ya tisini, kwa umri ni kaka yangu. Inashusha nyanya Morogoro, inarudi na saruji, mabati na bidhaa za duka. Ndiyo inayosomesha wadogo zangu, na miezi ambayo bumu linachelewa ndiyo inayonilisha na mimi. Likizo ya mwaka jana ikaanza kuchemsha. Fundi wa kwanza akaangalia mvuke, akatikisa kichwa: hedi gasketi imekufa, hedi ishushwe ikasagishwe, laki sita na nusu. Pesa hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa na jina. Ilikuwa mahitaji ya shule, godoro na sare za mdogo wangu aliyechaguliwa kidato cha tano, anaripoti baada ya wiki mbili. Mjomba akaniita uani, akasema kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, wewe unasoma hiyo fizikia. Nitoe au nisitoe?"

Kusema kweli sikuwa na jibu. Nilikuwa na swali, lile lile la "lini." Nikamwomba safari mbili kabla hajatoa hela, nikakaa siti ya abiria na daftari. Tukishuka na nyanya, geji haikuzidi nusu. Hilo halishangazi, kuteremka hakumchoshi mtu. Mizunguko ya Iringa mjini, sawa tu. Kurudi, kutoka Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni, bonde lile lenye joto na mibuyu, geji ilikaa juu kidogo ya nusu. Tulipoanza kupanda Kitonga na mifuko ya saruji nyuma, sindano ikapanda kama imeitwa. Tukasimama kabla haijagusa nyekundu, injini ikiunguruma taratibu. Baada ya dakika kama kumi ikashuka yenyewe.

Nikaandika: foleni na silensa hakuna shida, mzigo na mlima kuna shida. Kwa hiyo rejeta, thamostati au pampu. Lakini hapa lazima nimtendee haki yule fundi: gasketi iliyoanza kuvuja nayo inaweza kujionyesha wakati wa mzigo tu, kwa sababu ndipo presha ya silinda inapokuwa kubwa. Kwa hiyo kuhisi hakutoshi, inabidi ipimwe.

Vipimo vya gasketi havihitaji mashine ya hela nyingi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa tulifungua mfuniko, tukajaza maji mpaka mdomoni, tukawasha. Mwanzoni vinatoka viputo vichache, hiyo ni hewa iliyobaki. Ikiwa vinaendelea bila kukoma na vinaongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi kutoka kwenye silinda. Vya kwetu viliisha. Tukazima, tukafunga mfuniko, tukawasha upya na kuubana mpira wa juu kwa mkono. Mpira unaokuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha, wakati maji bado baridi, unajazwa presha na kitu kisichokuwa joto. Wetu ulibaki laini. Tukavuta kijiti cha oili na kuangalia chini ya mfuniko wa oili: kama maji yameingia, oili inakuwa kama chai ya maziwa. Yetu ilikuwa nyeusi kama oili ya dizeli yoyote. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto? Hakuna. Na maji hayakuwa yakipungua kimyakimya. Nilikuwa nayapima kwa chupa ya nusu lita kila asubuhi, yalipungua siku alizochemsha tu.

Basi tukageukia rejeta. Baada ya mzunguko wa nusu saa tulizima, tukatoa funguo, nikapapasa uso wa rejeta kwa uangalifu. (Feni ya umeme inaweza kuwaka hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo vidole viwe na adabu.) Kwa rejeta ambayo maji yanashuka kutoka juu kwenda chini, juu pawe moto na chini pasipungue sana, polepole, upana wote. Yetu ilikuwa na mistari: hapa moto, vidole vinne pembeni baridi kama ukuta wa bweni, kisha moto tena. Pale penye baridi maji hayapiti.

Fundi wa rejeta alifungua tanki la juu kwa moto wa kulehemu, akaniita nione. Vijibomba vingi vilizibwa na magadi meupe na kitu kama udongo wa mfinyanzi. Magadi ni zawadi ya miaka mingi ya maji ya kisima. Yale maji magumu ambayo yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai, ndani ya injini yanafanya vile vile, na ukoko haupitishi joto vizuri. Ule udongo ulikuwa dawa ya kuziba matundu ambayo mtu alimwaga miaka iliyopita. Dawa haina macho: inaziba tundu linalovuja na inaziba njia pia. Nimesikia wengine wanatia bizari, wengine yai bichi. Kama uko porini na ni hiyo au kulala njiani, sawa, lakini ukifika mjini ioshe.

Alichokonoa vijibomba kimoja kimoja, akalehemu upya. Hilo linawezekana kwa rejeta za shaba za zamani. Zile mpya za aluminiamu zenye matanki ya plastiki, kwa kawaida unanunua nyingine. Tukagundua pia kwamba kava la feni, lile duara la plastiki linaloizunguka feni nyuma ya rejeta, halikuwepo. Wakati fulani fundi fulani alilitoa ili afanye kazi kwa nafasi na hakulirudisha. Watu wanaliona pambo. Bila hilo, feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Tulipata lililotumika kwenye spea za mtumba. Jumla ya yote, pamoja na mfuniko mpya na kulanti, haikufika laki moja na nusu. Safari iliyofuata Kitonga, na mzigo ule ule, geji ilipita nusu kidogo ikaganda hapo hapo mpaka juu. Mdogo wangu aliripoti shule siku iliyopangwa, na godoro lake.

Simlaumu sana fundi wa kwanza. Nimefikiria jambo hili: kwenye gereji zetu uchunguzi haulipwi. Fundi akitumia saa tatu kugundua kwamba mfuniko wa elfu kumi ndio mbovu, anapata nini? Analipwa kwa kufungua na kubadilisha. Siku hizi mjomba anampa fundi hela ya kuangalia tu, inajulikana kabla, hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Majibu yamekuwa tofauti kabisa.

Kuna mazoea mawili ningependa kuyasema kidogo. La kwanza ni kung'oa thamostati. "Nchi yetu ya joto, hii ni ya Wazungu," utaambiwa. Thamostati ni mlango unaofunguka kwa joto, mara nyingi kati ya nyuzi 82 na 88, ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ibaki hapo. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi kupita kiasi, inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Mbaya zaidi, kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umetoa kifaa ili gari lisichemshe, na sasa linachemsha vizuri zaidi. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, pasha taratibu, tazama inaanza kufunguka nyuzi ngapi. Namba yake imegongwa kwenye chuma. Nimeshaiweka kwenye andalio la somo kwa ajili ya TP, mada ya kutanuka kwa vitu kwa joto, kwa sababu ndani yake kuna nta inayotanuka na kusukuma mlango. Wanafunzi wataielewa kuliko ule mpira wa chuma na pete.

La pili ni kudharau mfuniko wa rejeta. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama Dar. Mfuniko ulioandikwa 0.9 unatunza presha ya karibu kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, na presha hiyo inasogeza kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 118 Dar, na 115 hivi Iringa. Mfuniko wenye mpira uliopasuka unakunyima nyuzi hizo zote, na injini yenye afya itachemsha mlimani bila kosa lolote jingine. Gari likipoa ukakuta mpira wa rejeta umebonyea kama umenyonywa, mfuniko pia ni mshukiwa: ile valvu ndogo ya kurudisha maji kutoka chupa ya akiba imekwama. Ukinunua mwingine, linganisha namba. Wa namba kubwa kuliko uliopendekezwa utatafuta sehemu dhaifu ya mipira na rejeta yako na kuipasua.

Kulanti nayo siyo maji ya rangi. Hata hapa ambapo maji hayagandi, inazuia kutu na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Ichanganye na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu. Ila usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Nyingi zina ladha tamu na ni sumu, na nyumbani kuna watoto.

Likikuchemkia barabarani, zima eisii, washa hita mpaka mwisho hata kama mtatoka jasho wote, kwa sababu hita ni rejeta ndogo. Sindano ikiendelea kupanda, simama. Usifungue mfuniko. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 chini ya presha, ukiiondoa presha ghafla yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike na ubonyee, kisha funika mfuniko kwa tambara zito na uuzungushe kidogo kwanza. Maji baridi usiyamwage kwenye injini inayowaka moto, hedi inaweza kupasuka au kupinda, na hapo zile laki sita na nusu zitakuwa halali yako. Ongeza taratibu, injini ikiwa imepoa.

Na geji usiiamini ikishuka ghafla. Kipimo chake kinasoma joto la maji yanayokigusa. Maji yakiisha kabisa, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na sindano inaweza kurudi chini kama vile mambo yametulia, wakati injini inaungua. Ukiona sindano imepanda, kisha imeanguka yenyewe huku unanusa harufu tamu au ya mpira unaoungua, zima hapo hapo.

Pikapu ya mjomba ina dumu la lita kumi la maji safi nyuma ya siti, tambara, mkanda wa akiba, na mfuniko wa ziada uliofungwa kwenye nailoni. Klachi ya feni bado nina wasiwasi nayo. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, ukiisukuma feni kwa kidole inazunguka raundi kadhaa bila ukinzani, na nzima ingekuwa nzito zaidi. Tumekubaliana ibadilishwe msimu wa nyanya ukianza, kabla saruji haijaanza kupanda tena.